Kilomita 100 zina wenyewe: shajara yangu ya baiskeli

Wiki ya 1

Nianze na kosa langu ili tusizungushane. Niliuza kilomita kabla sijajua kunyonga baiskeli.

Ilikuwa hivi: nimeona kuna safari ya baiskeli ya hisani, kilomita 100 kwa siku moja, pesa zote zinaenda kununua viti vya magurudumu vya watoto wasioweza kutembea. Nikajiandikisha hapohapo. Halafu kwa kuwa akili yangu huwa inachangamka usiku wa manane nikachukua daftari nikachora mistari 100, kila mstari kilomita moja, kesho yake nikaanza kulipitisha kwa watu: chagua kilomita yako, nikiimaliza unalipa, nisipoimaliza hulipi. Siku tatu tu mistari 58 imeshajaa. Dada yangu kachukua ya 1 hadi ya 5, anasema hizo angalau ana imani nazo. Mume wangu kachukua ya 50. Jirani kachukua ya 33 na hakusema kwa nini. Mwanangu kaandika mwenyewe kwa penseli kwenye ya 34. Na mjomba wangu, huyu mtu mkae naye akilini, kachukua kumi za mwisho zote, 91 mpaka 100. Nikamshukuru mpaka machozi yakanilengalenga. Mume wangu ndo akanizindua: "Kachukua za mwisho kwa sababu anajua hufiki huko."

Sasa baiskeli. Mara ya mwisho kupanda nilikuwa mtoto wa shule. Hii niliyopata ni ya mtumba, ina gia, tairi zake si nyembamba kama uzi wala si za kupandia milima, ubavuni zimeandikwa 700x32C, na hiyo 32 kumbe ni upana wa tairi kwa milimita, nilidhani ni namba ya kiwanda.

Siku ya kwanza nilienda kilomita 7. Saba tu jamani. Nilikuwa nimeshika usukani kama mtu anayening'inia ghorofani, mabega yamepanda mpaka masikioni, na nilipofika nyumbani magoti yanauma kwa mbele, hapa chini ya kile kifuniko cha goti. Nikampelekea fundi, akanitazama nimekaa juu ya baiskeli akacheka: "Mama, wewe umekalia kigoda." Akanieleza kwamba goti likiuma mbele mara nyingi kiti kiko chini mno, likiuma nyuma kiko juu mno. Kipimo chake hakina hata rula: unakaa, unaweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukishahamisha sasa ile sehemu pana ya mbele ya unyayo ndo ikanyage, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Kiti kikapanda kama vidole vitatu hivi. Kikanitisha kweli kwa sababu miguu haigusi chini tena, ila kumbe ukisimama hutakiwi kubaki umekalia kiti, unateleza mbele unasimama katikati ya baiskeli. Hilo nimelijua nikiwa mtu mzima na watoto wawili.

Jumla ya wiki: 7, 7, 8, 9. Thelathini na moja. Mjomba kapiga simu kuulizia hali ya "miguu yetu".

Wiki ya 2

Makalio. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nilinunua kaptula ya baiskeli, ile yenye pedi, nikaivaa juu ya chupi kama mtu mwenye heshima zake. Kilomita 14 baadaye ule mshono wa chupi umenichora mistari ambayo sitaieleza hapa. Kazini kwetu kuna mzee mmoja amekaribia kustaafu, ananyonga baiskeli tangu ujana wake, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, akanikata: "Mwanangu, ile kaptula haivaliwi na kitu ndani. Pedi ndo nguo yako ya ndani. Na uifue kila ukirudi." Basi nikaona na kile kifuniko laini cha kiti nilichoongezea nikiulize. Akasema toa. Eti kiti kikiwa laini sana unazama, nyama ndo zinabeba uzito, wakati kazi ya kubeba ni ya ile mifupa miwili ya kukalia. Nilimuona kama ananikomoa. Nikatoa, siku mbili za kwanza nikamlaani kimoyomoyo, siku ya tatu nikanyamaza.

Jumla 44.

Wiki ya 3

Mzee kaamua kunifundisha, sijamuomba, kaamua tu. Jumamosi tumetoka pamoja na somo la kwanza lilikuwa kuhesabu. "Hesabu goti lako la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, halafu zidisha kwa nne." Nikahesabu 14. Yaani mizunguko 56 kwa dakika. Akasema ndiyo maana miguu yako inachoka kama unapanda ngazi na gunia, umeweka gia nzito unakandamiza kila mzunguko kwa nguvu ya misuli, shusha gia miguu izunguke haraka na wepesi, 80 hadi 90 hivi, hapo mzigo unahamia kwenye moyo na mapafu, na hivyo havichoki haraka kama mapaja. Nikashusha. Nikaanza kudundadunda juu ya kiti kama mpira, yeye anacheka, mimi nadunda, watu wanatazama.

Somo la pili ndo lilikuwa gumu. Akaniambia, "Nisimulie harusi ya dada yako." Nikadhani anataka stori kweli. Nikaanza, kila nikifika katikati ya sentensi pumzi inakata, "tukaingia ukumbini... hhh... halafu bwana harusi... hhh..." Akasema hapo ndo umezidisha mwendo. Ukiona huwezi kumaliza sentensi, punguza. Mazoezi mengi ya safari ndefu yanafanywa kwa mwendo wa kupiga stori, ile ya kuhema kama umefukuzwa ni mara moja moja tu.

Sasa hebu fikiria, mimi nakimbizana na daftari halafu naambiwa niende taratibu! Siku hiyo kijana aliyefunga mzigo mkubwa kwenye kariya, na ndala miguuni, katupita akatuambia poleni. Niliumia roho. Mzee wala hakugeuka, akasema, "Haya, tulifika kwenye keki."

Tulipiga 20 siku hiyo na nikashuka nikiwa na nguvu za kupika. Ajabu kidogo, lakini ndo hivyo. Daftari limefika mistari 71.

Wiki ya 4

Wiki ya kupumzika. Mzee anasema tatu za kuongeza, moja ya kupunguza, na hizo za kuongeza usipandishe zaidi ya asilimia kumi hivi kwa wiki (mimi wiki ya 2 niliongeza zaidi ya arobaini, sijamwambia). Kilomita 30 tu. Mvua. Hakuna la maana.

Wiki ya 5

Pancha! Na si moja.

Kilomita 11 kutoka nyumbani nikahisi nyuma panakuwa pazito, baiskeli inaogelea, nikatazama tairi imekaa chini imelala. Nilikuwa na kila kitu kwenye kimfuko: tyubu mpya, vile vibapa vya plastiki vya kung'olea tairi, pampu ndogo. Kitu ambacho sikuwa nacho ni kuwahi kufanya hiyo kazi hata mara moja.

Kutoa gurudumu la nyuma tu kulinichukua muda wa kusali, cheni imeng'ang'ania, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko na usoni pia kwa sababu nilikuwa najifuta jasho. Nikang'oa ubavu mmoja wa tairi, nikavuta tyubu, nikaweka mpya, nikarudisha. Mwisho wa kurudisha tairi linakaza, ile sentimita ishirini ya mwisho inagoma kabisa, nikatumia vile vibapa kulazimisha. Nikapampu. Ikapanda vizuri, nikajipiga picha. Nikapanda. Mita 300, psssss.

Kumbe makosa mawili. La kwanza, mwiba ulikuwa bado umo ndani ya tairi, sikupitisha vidole kuutafuta. Ukibadilisha tyubu bila kujua nini kilitoboa unakuwa unamlisha mwiba uleule. La pili niliambiwa baadaye na fundi: tyubu yenyewe ilikuwa na matundu mawili yamekaa sambamba kama meno ya nyoka, hiyo ni alama ya kubanwa, mimi mwenyewe nimeibana na vibapa nilipokuwa nalazimisha. Ile sehemu ya mwisho inafungwa kwa viganja, na ukitaka ilegee unasukuma tairi liingie kwenye korongo la katikati ya rimu pande zote kuanzia upande wa pili. Na kabla ya kuiingiza kwenye tairi uijaze upepo kidogo tu ili tyubu ipate umbo isijikunje.

Nikakaa kandokando ya barabara na viraka. Kuna raha fulani pale, sitadanganya. Unasugua tyubu na msasa mpaka ing'are kijivu, unapaka solusheni nyembamba, halafu kazi ngumu kuliko zote: kusubiri. Inatakiwa ikauke mpaka ukigusa haitoi majimaji, ndo kiraka kinashika. Mara ya kwanza sikusubiri, kikatoka kama stika ya tunda. Mara ya pili nilisubiri nikawa namuwaza yule daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa anaishi Belfast, ambaye alimfungia mwanawe mipira ya upepo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, na mwaka 1888 akapewa hati ya uvumbuzi. Kabla ya hapo watu walikuwa wananyonga juu ya mipira isiyo na upepo ndani, mifupa inalia, lakini pancha hawakuzijua. Siku hiyo nilitaka kumuuliza kama alifikiria vizuri.

Ya kuongeza: valvu za tyubu zangu ni zile nyembamba, zina kinati juu lazima ukilegeze kwanza ndo upepo uingie. Nilipampu dakika mbili nzima nikiwa sijakilegeza.

Jumla ya wiki: 52, safari ndefu kuliko zote 28. Kilomita hizo nimetembea tatu kwa miguu, sizihesabu.

Wiki ya 6

Hii wiki nimekutana na njaa, na si njaa ya kawaida.

Mpango ulikuwa 40. Nilitoka asubuhi bila kula vizuri kwa sababu nilijisikia mwepesi, maji chupa moja, chakula hakuna. Mpaka ya 25 nilikuwa malkia. Ya 30 nikaanza kukasirika, nakasirikia upepo, nakasirikia barabara, nikakasirikia mti. Ya 33, ile ya jirani, miguu ikawa si yangu. Haiumi, haikazi, haina mtu ndani tu. Mikono inatetemeka, jasho la baridi, nikaangalia kile kimita cha kilomita kwenye usukani nikasoma namba na sikuelewa inamaanisha nini. Nikashuka nikakaa chini.

Na ilikuwa ndani ya 34. Ya mwanangu, ya penseli. Nikawa nawaza kitu kimoja tu kwa ile akili iliyobaki: hii hata kama ni kwa kutambaa lazima iishe, ningejua ni ya mjomba ningelala hapohapo. Mama mmoja aliyekuwa anapita kaniona nilivyokaa, kanipa ndizi mbili na soda. Sijawahi kula ndizi kama ile. Dakika ishirini hivi dunia ikarudi na rangi zake, nikaimaliza 34 na nyingine zote mpaka 40, polepole kama maiti imefufuka.

Jumatatu mzee kanieleza huku anatikisa kichwa. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na hiyo akiba ukiwa unakaza inatosha kama saa moja na nusu hadi mbili. Ikiisha unabaki na mafuta, na mafuta ninayo ya kugawa, ila yanawaka taratibu mno, hayawezi kukusukuma kwa mwendo uleule. Dawa ni kula kabla hujasikia njaa: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, ukianzia ndani ya saa ya kwanza. Ndizi moja ya wastani ina kama 25. Na maji karibu nusu lita kwa saa, jua likiwaka zaidi, na humo uweke na chumvi kidogo kwa sababu maji matupu mengi kwa saa nyingi nayo yana hatari yake. Nimejiwekea kengele kwenye simu, kila dakika 30 inalia, nakula nitake nisitake.

Mistari 84 sasa. Yule mama wa ndizi laiti ningemuuliza jina, ningemuandika kwenye daftari bure.

Wiki ya 7

Nilitaka kubadilisha pedeli mwenyewe. Za zamani zilikuwa zinateleza, nikanunua mpya pana zenye vimeno, nikachukua spana. Ya kulia ikatoka na mpya ikaingia vizuri. Ya kushoto nikaiwekea nguvu kuifungua, haitoki, nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu zaidi, nikasimama juu yake. Ikakaza zaidi.

Wanaojua wameshacheka. Pedeli ya kushoto thredi zake, ile mistari ya kufungia kama ya skrubu, ziko kinyume, inafunguka upande ambao vitu vyote vingine duniani vinakaza. Imetengenezwa hivyo makusudi ili kule kunyonga kwenyewe kusije kukailegeza. Nilipogundua nikaifungua, nikachukua mpya nikaianza vibaya, imekaa upande kidogo, badala ya kuirudisha nikalazimisha kwa spana, ikala thredi za mkono wa pedeli. Kwenye pedeli yenyewe pameandikwa L, yaani ya kushoto, kubwa tu, mtoto anasoma. Fundi hakusema kitu, aliushika ule mkono ulioharibika akaugeuza kwenye mwanga, akapiga mluzi mfupi. Mluzi ule nimeulipia.

Kilomita 45 Jumapili, na kengele ya chakula, na sikufa.

Wiki ya 8 na ya 9

Ya 8 mapumziko na mafua, 30 tu.

Ya 9 waandaaji walituita tunyonge kwa kundi, 55. Nilikuwa naogopa kundi kuliko mlima. Magurudumu yako karibu karibu, wa mbele akitikisika wewe unaona maisha yako yote yanapita. Ila jamani, upepo! Hakuna aliyeniambia kwamba kunyonga kwenye tambarare karibu kazi yote ni kupigana na hewa. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakudai nguvu mara nane. Ukijificha nyuma ya mwenzako unapunguziwa robo, hata theluthi, na unaisikia kabisa, kama mtu kafunga dirisha. Nilikuwa nakwenda kilomita 24 kwa saa huku naongea, mimi huyu wa kigoda.

Sheria za kundi ni chache na ni kali. Usikazie macho gurudumu la mbele yako, tazama mgongo wa mtu na barabara iliyo mbele yake. Usishike breki ghafla. Gurudumu lako lisiingiliane na lake kwa ubavu, kwa sababu yakigusana anayeanguka ni wewe wa nyuma. Na shimo unalionyesha kwa kidole na kulitaja kwa sauti, linasafiri nyuma kama ujumbe: shimo! shimo! shimo! Mimi nilipiga kelele ya shimo mahali palipokuwa na kivuli cha nguzo. Watu kumi na tano wakakwepa kivuli.

Wiki ya 10

Mlima wa kilomita 4. Kuupanda sikuwa na tatizo kubwa, gia nyepesi kabla ya mlima haujaanza (ukisubiri katikati cheni inalia kama inakatika), kukaa kwenye kiti, kutazama mita kumi za mbele tu na si kilele. Mzee kaniacha zamani, nikamkuta juu kalala chini ya mti kama alizaliwa pale.

Kushuka ndo kumenionyesha. Niliogopa breki ya mbele kwa sababu tangu utotoni tumeambiwa itakurusha, nikakaa nimeng'ang'ania ya nyuma kilomita nne, gurudumu linateleza kwenye kona, vidole vimekufa ganzi. Chini nikaambiwa breki ya mbele ndo inasimamisha, kwa sababu ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, unachotakiwa ni kuiminya polepole na kusogeza makalio nyuma, na ufanye hivyo kabla ya kona. Ndani ya kona breki ziache. Tulirudi juu tukashuka tena. Mara ya pili nilipiga yowe, la furaha lakini.

Ile ganzi ya kidole kidogo na cha pili yake ilikaa mpaka jioni. Kumbe kuna mshipa wa fahamu unapita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, ukiuegemea saa nyingi unagoma. Nabadilisha mkao wa mikono sasa kila kengele ya chakula ikilia, nimeunganisha mambo mawili.

65 siku hiyo.

Wiki ya 11

Themanini. Mzee anasema ukiweza 75 au 80 mazoezini, 100 utaiweza, hizo za juu zinabebwa na watu na kelele za siku yenyewe. Saa nne na dakika arobaini za kunyonga, vituo viwili, ndizi nne, sitaki kuiona ndizi.

Daftari limejaa, 100 kwa 100. Mjomba kapiga simu, nimemwambia 80. Kimya kidogo. Halafu: "Themanini za tambarare au?" Nikamwambia zenye mlima. Akasema anafikiria kunigawia mtu mwingine zile za 98 na kuendelea, eti tuwape na wengine nafasi ya kutoa. Nikamjibu, mjomba, wino umeshakauka.

Wiki ya 12

Kupunguza. Kilomita kidogo, na mbili tatu za kukaza ili miguu isisahau. Hakuna aliyenionya kwamba wiki ya kupumzika inatia wazimu. Miguu inawasha usiku. Nimesafisha cheni mara tatu, nimeipaka oili tone moja moja kwenye kila kiungo halafu nikaifuta ya nje yote, kwa sababu oili ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu. Mume wangu kanikuta saa nne usiku naifuta na mswaki. Akaangalia mswaki. Ulikuwa wake.

Nilinunua viatu vipya pia. Mzee kaviona akasema viache nyumbani, siku ya safari hakuna kiatu kipya wala kaptula mpya wala chakula kipya. Nimeviacha.

Siku yenyewe

Nitaandika nikiwa nimelala kifudifudi maana kukaa siwezi.

Kipenga kilipolia wote wakatoka kama wameiba. Nikawaacha. Nikapiga mwendo wa stori na mama mmoja wa nyuma yangu, tukaongea kuhusu watoto mpaka ya 20. Kuanzia ya 60 nikaanza kuwaokota wale walioiba, mmoja mmoja, wamekaa pembeni na nyuso za wiki yangu ya 6. Nilimpa mmoja ndizi. Nilijisikia kama nimelipa deni fulani.

Kwenye usukani nilibandika orodha ya wenye kilomita, nimeifunika na plastiki. Ya 33 nikagundua kitu: ile namba kwenye mlango wa jirani yangu ni 33. Miaka sita napita pale. Ya 34 niliitamka kwa sauti. Ya 50 nilitaka kumpigia mume wangu ila kunyonga kwa mkono mmoja bado sijiamini.

Kutoka 78 upepo wa mbele, na kundi limeshakatika, hakuna mgongo wa kujificha. Nilishusha gia nikakunja viwiko, nikawa nahesabu goti, 15, zidisha, 60, hapana, shusha tena. Ya 91 nikacheka peke yangu barabarani. Karibu mjomba. Goti la kulia lilikuwa linauma, tumbo limekataa kila kitu isipokuwa maji, na kila bango la kilomita likipita natamka: moja, mbili, tatu zako hizo.

Nikapita mstari wa kumalizia. Watu wanapiga makofi, mwanangu ananikimbilia, medali shingoni. Nikatazama kimita. Kinasoma 99.2.

Nikakiangalia tena. 99.2. Mume wangu anasema shuka sasa, nikamwambia bado. Anasema umemaliza, mstari ule pale. Nikamwambia mstari si wa mjomba. Nikageuza baiskeli nikaenda kwenye uwanja wa kuegesha magari nikaanza kuzunguka, na medali inanigonga kifuani, watu wanaokunja mahema wananitazama, mzee naye alipoelewa akapanda yake akaja mbele yangu kunikinga upepo, kwenye parkingi, kilomita 12 kwa saa. Mizunguko sita. 100.0. Nikapiga picha kimita kabla sijapumua.

Saa 5 na dakika 40 za kunyonga.

Kufikia jioni wenye mistari mingine wengi wameshalipa bila hata kukumbushwa na dada yangu kaongeza. Mjomba nimemtumia picha. Kajibu baada ya saa mbili. Analipa tisa. Ya 100, anasema, ni ya parkingi, si ya barabara, na zaidi ya hapo anaona kwenye picha kivuli cha baiskeli ya pili. Mazungumzo yanaendelea, bibi kaombwa aamue.